Moto Uliotoweka Darabgird

Na ijulikane kwa watu wote walio chini ya kivuli cha Mfalme wa Wafalme, wakubwa kwa wadogo, wenye ndevu na wanaozingojea, kwamba Inspekta Windoy wa mji wa Darabgird hajawahi kushindwa na kesi hata moja.

Kesi zenyewe zilikuwa tatu. Ya kwanza ilihusu mbuzi aliyerudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe. Katika ya pili, mtuhumiwa alikuja kituoni kujishtaki, akasubiri barazani mpaka Inspekta alipomaliza kulala. Ya tatu, ya mfanyabiashara aliyenyongwa kitandani mwake, aliitatua kweli, na tangu siku hiyo alitembea mjini kidevu juu kama ngamia anayenusa mvua.

Ya nne ndiyo hii. Asubuhi moja ya baridi, moto wa hekalu haukuwepo.

"Haupo, maana yake nini?" aliuliza Windoy.

"Maana yake haupo," alijibu Kuhani Mkuu Adurfarn.

Walisimama ndani ya chumba cha moto, kila mmoja amefungwa kitambaa cheupe puani na mdomoni, ili pumzi yake isiuguse moto. Moto haukuwepo wa kuguswa, lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuvua. Kwa hiyo mahojiano yalifanyika kama watu wanaozungumza kutoka ndani ya magunia.

"Nani aligundua tukio?"

"Mmhm."

"Nani?"

"Mimi, nimesema mimi. Nilikuja kwa sala ya alfajiri."

Sahani ya shaba ilikaa tupu juu ya nguzo yake ya jiwe. Moto uliowashwa na mababu wa mababu, ukalishwa kuni kavu usiku na mchana, vita na njaa, haukuacha hata cheche. Windoy alipitisha kidole katikati ya sahani, akakitazama. Safi.

"Moto ukifa unaacha majivu, Mheshimiwa. Hapa pamefagiliwa."

"Basi muuaji ameondoka na maiti," alisema Adurfarn. "Jambo hilo linazidisha kosa, halilipunguzi. Na usinitafutie werevu, Windoy. Aliyekuwa zamu tunaye. Gavana anarudi kesho adhuhuri, na sheria unaijua. Anayeua moto wa hekalu hukatwa kichwa."

Aliyekuwa zamu aliitwa Mahdad. Alikuwa mume wa Denag, na Denag alikuwa dada yake Windoy, wa tumbo moja.

"Kwa kuwa mtuhumiwa ni shemeji yako," aliendelea Kuhani Mkuu, "karani wangu Narseh atafuatana nawe kila uendako. Kila neno utakaloambiwa atalisikia."

Narseh aliinamisha kichwa. Alikuwa mtu mnene, mwenye subira ya kobe na masikio ya mwizi.

Mahdad alikuwa amefungwa kwenye ghala la kuni, mikono nyuma.

"Shemeji, ulikuwa zamu?"

"Nilikuwa."

"Moto uko wapi?"

"Andika nimekosa."

"Sijakuuliza umekosa nini. Nakuuliza uko wapi."

"Andika nimekosa, shemeji, halafu nenda nyumbani ukalale. Macho yako mekundu."

"Kuna mtu aliingia?"

Mahdad alimtazama Narseh. Kisha akamtazama Windoy, kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama punda aliyesimama katikati ya daraja. Kisha akatazama dari.

"Hakuna aliyeingia."

"Wanakata kichwa, Mahdad."

"Nimesikia. Ni changu."

Windoy alipiga teke gogo. Gogo lilikuwa gumu kuliko alivyotarajia. Aliondoka akichechemea, na Narseh nyuma yake akamshauri kwa upole kwamba mguu ukivimba huwekwa maziwa ya mgando.

Walikwenda kwa Denag. Alikuwa mlangoni, na alipomwona kaka yake uso wake ulichangamka, akafungua mdomo. Kisha akaona tumbo la Narseh likikata kona. Denag aliufunga mdomo, akaingia ndani, akaketi mbele ya sinia, akanong'ona dua ya chakula na kutia tonge la mkate kinywani.

Windoy aliguna. Mtu akishaisoma dua ile hasemi tena mpaka amalize kula na kusoma dua ya kufunga. Kusema kabla ya hapo ni kuwafungulia mashetani mlango wa koo. Hata Mfalme wa Wafalme, akiwa na mkate mkononi, haulizwi habari za vita.

"Dada, nitangoja," alisema Windoy.

Denag alikula mkate. Alikula jibini. Alikula dengu kama mtu anayezifahamu moja moja kwa majina. Kila akimaliza kitu alimtupia Narseh jicho, na Narseh, aliyekuwa amejiegemeza kwenye mto, alitabasamu.

"Usijali, mama. Sina haraka."

Denag akavuta komamanga.

"Denag, tafadhali," alisema Windoy. "Mumeo anakufa kesho. Unajua lolote, tikisa kichwa."

Denag alitikisa kichwa kwa nguvu.

"Unajua aliyefanya?"

Alitikisa tena. Akainua kidole, akamwelekezea Windoy.

"Nimeshiba, dada, asante."

Alikielekeza tena, karibu amtoboe kifua.

"Anakukaribisha, Inspekta," alisema Narseh. "Ungekula tu. Huzuni haina adabu kwenye tumbo tupu."

Denag alifumba macho. Alinyoosha mkono kwenye rundo la kando ya jiko, akachukua ukuni, akautikisa mbele ya pua ya kaka yake.

"Kuni?"

"Mm!"

"Kuni zimekwisha? Nitakuletea nyingine jioni."

Denag aliurudisha ukuni polepole, kwa uangalifu wa mtu aliyekuwa amepanga kuutumia vingine. Akarudi kwenye komamanga, punje baada ya punje.

Walipotoka, Windoy alitaka kulia. Mtuhumiwa hasemi, shahidi anakula, na jua halimngoji mtu.

Mtaani watu walikuwa wameshatoa hukumu yao. "Mkristo!" walimwambia, mmoja baada ya mwingine. "Muulize Mkristo!" Walimaanisha Yohannan, muuza mvinyo, ambaye duka lake lilitazamana na lango la hekalu.

"Nilijua utakuja," alisema Yohannan, akifuta jagi. "Mji huu kikipotea kitu mnaanza na mimi. Juzi punda wa mwashi alipotea, mkaja kumtafuta ndani ya mtungi."

"Ulimwona mtu?"

"Nikisema nimeona, mtasema nilikuwa navizia hekalu. Nikisema sikuona, mtasema naficha. Chagua wewe, afande, mimi nina wateja."

"Yohannan, ni shemeji yangu."

Muuza mvinyo aliliweka jagi chini.

"Mahdad ni mtu mwema. Huwa ananisalimia hata mbele ya watu. Basi sikia. Kabla ya alfajiri alitoka na chungu kifuani, amekifunika kama mama aliyebeba mtoto mgonjwa. Baadaye nikaona moshi nyuma ya bustani ya dada yako, pale kwenye vichaka vya mikwaju ya chumvi. Siyo moshi mmoja. Unazimika huku, unatokea mbele kidogo. Nikajisemea, hawa watu na moto wao, hawaishiwi."

Windoy hakungoja zaidi. Alikimbia na mguu wake mbaya, na Narseh alikimbia na tumbo lake, na ikawa sare.

Nyuma ya mikwaju ya chumvi, kwenye shamba lililolimwa, kulikuwa na vilima vya majivu. Vilikuwa tisa, vimepangwa mstari, kila kimoja shibiri moja kutoka kwa mwenzake. Windoy alisimama. Kidevu chake, kilichokuwa kimelala tangu asubuhi, kikaanza kuinuka.

"Ndugu Narseh. Unaona nini?"

"Majivu."

"Unaona ushahidi! Moto ukichoma kitu cha maiti unanajisika. Unafanya nini? Unapanga kuni pembeni, shibiri moja, unauacha moto uruke wenyewe, uache uchafu wake nyuma. Halafu rundo lingine, halafu lingine. Ukifika la tisa umetakasika. Kila mtoto wa mji huu anajua. Moto haukuuawa, Narseh! Ulipelekwa kuoshwa!"

"Mm," alisema Narseh, ambaye kwa mara ya kwanza siku ile alionekana ameamka. "Na majivu ya kwenye sahani?"

"Yalinajisika pia, akayazoa. Mahdad aligundua uchafu, akautoa moto, akakusudia kuurudisha kabla ya sala. Akachelewa."

"Basi kwa nini hasemi?"

"Kwa sababu ataulizwa nani aliunajisi. Anamlinda mtu." Windoy alikuwa sasa akipiga hatua huku na huku, mikono mgongoni. "Mtu mchafu. Mwoga. Mtu anayejua alichofanya, yuko zake mjini anajidai, huku mwenzake anasubiri panga. Nikimtia mkononi huyo, Narseh, sitamhurumia, hata awe nani."

Alichukua kijiti, akapiga magoti, akafukua kilima cha kwanza, pale uchafu ulipoachwa. Kijiti kiligonga kitu kigumu. Akakipuliza.

Kilikuwa kipande cha udongo wa muhuri, kilichookwa na moto kikawa kama tofali, na uzi mweusi ulioungua bado ulitokeza ubavuni. Udongo wa namna ile hubandikwa kwenye vielelezo vya polisi, visiguswe. Juu yake palikuwa na chapa ya jogoo anayewika.

Windoy alitazama jogoo. Kisha akatazama pete iliyokuwa kidoleni mwake. Jogoo yule yule aliwika pale pia.

Ndipo alipoelewa ule ukuni, na kile kidole.

Mfereji ulipita hatua chache tu kutoka pale. Mkono wake ulianza kuelekea huko wenyewe. Lakini kutupa uchafu wa maiti majini ni dhambi nyingine, na siku hiyo za kwake zilikuwa zinamtosha. Mkono uligeuka, ukakiingiza kipande ndani ya kanzu.

"Umeokota nini?" aliuliza Narseh.

"Jiwe."

"Mawe ya huku yana jogoo?"

Windoy alirudi kufukua majivu.

"Inspekta," alisema Narseh, akitafuta mahali pa kukaa, "mimi naweza kungoja. Leo nimemwona mwanamke akila komamanga zima. Hakuna tena subira duniani itakayonishinda."

Mbali kidogo, ukutani kwa bustani, Denag alikuwa amesimama. Hakuwa anakula. Aliwatazama tu, na mikono yake ilikuwa imekumbatia shuka yake kama mtu mwenye baridi. Windoy alimwona akiwa msichana mdogo, halafu akamwona akiwa mjane. Akainuka.

"Twende kwa Kuhani Mkuu," alisema. "Na wewe, dada, lete chungu alichokuachia mumeo."

Adurfarn alikisikiliza kipande cha udongo kabla hajamsikiliza Windoy. Alikigeuza kwa kijiti, bila kukigusa, mpaka jogoo akamtazama.

"Eleza."

"Mfanyabiashara aliyenyongwa," alisema Windoy. Sauti yake ilitoka ndogo, na safari hii hapakuwa na kitambaa. "Kitanda alichofia kilikuwa cha msandali, mti wa kunukia. Tulikiweka ghala la vielelezo, tukakitia muhuri. Nilikata mguu mmoja. Wakati wa sikukuu ya juzi nikauleta hapa, nikautoa kuwa sadaka ya kuni. Muhuri ulikuwa umejificha kwenye tundu la kamba. Nilisahau kuutoa."

"Uliulisha moto kitanda cha maiti."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Na ulijua."

"Nilijua ni cha maiti. Nilijiambia kwamba mguu hauhesabiki, kwa kuwa mtu hulalia juu. Mahdad hana kosa. Aliukuta muhuri kwenye makaa, akaufuta uchafu wangu, akanyamaza. Mfungue. Mimi ndiye mtuhumiwa."

Mahdad aliletwa, akisugua vifundo vya mikono.

"Nilikwambia ukalale," alimwambia Windoy.

"Ungeniambia, shemeji. Neno moja."

"Kwa masikio ya nani?" Mahdad alimwonyesha Narseh kwa kidevu. "Na ningekwambia ukanyamaza, je? Dada yako angekaa na sisi wawili, mmoja kaburini, mmoja mezani. Nikaona bora nisijue ungefanya nini."

Denag aliingia na chungu. Alikifunua, na mwanga mwekundu ukapanda usoni mwake. Makuhani waliobaki barazani waliangua kilio cha furaha. Kuhani Mkuu mwenyewe alifunga kitambaa, akakichukua chungu, akakipeleka ndani. Aliporudi macho yake yalikuwa na maji, lakini sauti haikuwa nayo.

"Mahdad, utarudi zamu, na utafunga siku tatu kwa kuondoka bila ruhusa. Windoy, vua pete. Mijeledi utahesabiwa na gavana. Kisha utakwenda mabwawani kuua vyura, viumbe vya giza, mpaka nikwambie basi. Nina umri mkubwa na husahau upesi."

Windoy alivua pete. Ilikwama, kama kawaida ya pete siku kama hizo. Denag alimtemea mate kidoleni, ikatoka.

"Mjinga wewe," dada yake alimwambia polepole. "Nilikutikisia ukuni."

"Nilidhani umeishiwa."

Narseh alikuwa ameshaketi sakafuni, kalamu mkononi.

"Imebaki sababu," alisema. "Sheria inataka sababu. Njaa? Chuki kwa dini?"

"Hapana."

"Basi nini?"

Windoy alitazama miguu yake. Ule mmoja ulikuwa umevimba kweli.

"Siku ya sikukuu kila mwenye cheo huleta kuni mbele ya gavana. Mkuu wa kodi alikuwa anakuja na msandali, mji mzima ulijua. Mimi nilikuwa na fito za mkwaju. Nilikuwa nimetatua kesi, Narseh. Kesi ya kweli, ya kwanza maishani, na hakuna mkubwa aliyenipa hata salamu. Nilitaka harufu ipande, gavana ageuke aulize, nani huyu? Mara moja tu."

Kalamu ilikwaruza, ikasimama.

"Na aligeuka?"

"Hakugeuka," alisema Windoy. "Alikuwa na mafua."