Aliyeitikia Kitanda cha Tisa

Siku ya kumi na tisa ya kumuuguza mama nilifika hospitali jua likizama, mkono mmoja nimeshika chupa ya supu, mwingine shuka safi. Nilikuwa nimeshinda kwenye cherehani tangu alfajiri nikimalizia sare za shule, maana wateja hawaelewi habari za mgonjwa, wanaelewa tarehe. Kaka yangu yuko mbali. Kila jioni alinitumia ujumbe: "Jikaze, dada." Nilikuwa nimejikaza mpaka sina tena pa kukazia.

Mama alilazwa kitanda cha tisa, mwisho kabisa wa wodi ya wanawake, karibu na mlango wa nyuma uliofungwa kwa mnyororo. Mapafu. Siku hiyo hakufungua macho. Nilimlowesha midomo kwa supu, ikamtiririka shingoni. Asubuhi daktari alikuwa ameniambia tusubiri, na maana ya kusubiri niliijua kwa jinsi alivyoliangalia faili badala ya kuniangalia mimi.

Nikakaa kwenye benchi kando ya kitanda. Sikulia. Kulia nako kunataka nguvu.

"Sogea kidogo, mwanangu."

Mama mmoja wa makamo alikuwa amesimama pale, kajitanda mtandio wa kijivu, mikono mitupu. Nilidhani ni ndugu wa mgonjwa wa jirani. Nikamwamkia. Akaitikia kwa sauti ya chini, akakaa.

"Hujalala tangu lini?"

"Sikumbuki, mama."

"Egemea hapa. Nitamwangalia mimi."

Katika siku zote zile hakuna aliyekuwa ameniambia maneno hayo. Nikaweka kichwa begani kwake kama mtoto. Bega lilikuwa baridi, lakini sikuwa na hali ya kuchagua bega.

Sijui nililala dakika ngapi. Kilichoniamsha ni harufu... udongo mbichi, kama wa shimo lililochimbwa sasa hivi. Wodi nzima ilikuwa kimya. Hata bibi wa kitanda cha sita, ambaye hukohoa kutwa, hakusikika.

"Ndugu wa kitanda cha tisa..."

Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya upole. Ndivyo manesi walivyotuita kila siku tukachukue dawa. Nikafungua mdomo niitike.

Kiganja cha baridi kikaniziba mdomo.

"Usiitike," yule mama alininong'oneza. "Sista haiti kutoka huko."

Ndipo nilipotambua kuwa sauti ilitoka nyuma ya ule mlango wenye mnyororo. Nyuma yake kulikuwa na njia ya kwenda mochari. Sote tuliouguza pale tulijua, ila hatukuwa tukiitaja.

"Ndugu wa kitanda cha tisa..."

Sasa ilikuwa karibu. Mnyororo ulilia kidogo tu, kama mtu anaupima uzito. Kitandani, mama yangu akavuta pumzi. Nikasubiri aishushe.

Hakuishusha.

Nilitaka kumrukia, nimtikise, lakini mwili haukunitii. Yule mama akaniondolea mkono mdomoni taratibu, akanifuta jasho la uso kwa pembe ya mtandio wake.

"Ya tatu lazima mtu aitike," alisema. Hakuwa na haraka. "Funga macho, mwanangu."

Nikafunga. Sitaki kujisifu. Niliyafunga kwa nguvu zote.

Sauti ikaita mara ya tatu, pale pale miguuni pa kitanda.

Mtu akaitika.

"Abee."

Nyayo. Mbili, tatu... kisha mnyororo. Kisha mama yangu akakohoa, kikohozi kirefu, kibaya, akasema, "Maji."

Nilipofumbua macho nilikuwa peke yangu kwenye benchi. Mnyororo ulikuwa mahali pake, na kufuli lake. Sista alikuja mbio na glasi. Nikamwuliza nani alikuwa akituita.

"Hatujaita mtu," alisema. "Dada, nenda nyumbani ukalale."

Mfanya usafi alikuwa akipiga deki karibu nasi. Alingoja sista aondoke.

"Alikuwa na mtandio wa kijivu?" aliuliza, macho yake sakafuni.

Nikasema ndiyo.

"Mwaka jana alimuuguza binti yake kitanda hicho hicho. Jioni moja akaitwa. Akadhani ni sista, akaitika ile ya kwanza. Binti hakumaliza hata saa."

"Na yeye mwenyewe yu hai?"

"Mimi namwona anapita." Akakamua tambara. "Sijawahi kumuuliza."

Baada ya wiki mbili mama aliruhusiwa. Nilirudi wodini mara tatu, saa ya kutazama wagonjwa, nikimtafuta yule mama nimpe asante yake. Sikumwona. Jioni ya mara ya tatu nilimwambia mama kwamba kuna mtu alimwokoa, na nimeshindwa kumpata.

Mama alinivuta nikae karibu naye.

"Nilikuwa nasikia kila kitu," alisema. "Macho tu ndiyo yaligoma. Yule mwanamke hakuitika kwa sauti yake."

"Ila ya nani?"

"Yako. Nikajua ni wewe unayekwenda badala yangu. Ndiyo maana nilirudi."

Tangu hapo nimewaza sana, sindano mkononi. Yule mama alinipa bega wakati hakuna mwingine aliyenipa. Alinirudishia mama. Angeniuliza kama aitike kwa sauti yangu, ningemwambia aitike, bila hata kufikiri.

Lakini hakuniuliza, na kwa waliosikia, aliyeitika ni mimi.

Wiki iliyopita, jua likizama, walianza kuita nje ya mlango wetu. Sauti ile ile ya upole. "Fundi..." Nikainuka nusu, nikidhani ni mteja. Mama akanivuta gauni. Ikaja ya pili, na harufu ya udongo ikaingia chini ya mlango. Kisha kimya.

Mama, ambaye bado hutembea kwa kushika kuta, aliburuta kiti mpaka mlangoni, akakaa.

"Lala, umechoka," akaniambia. "Ya tatu ikija nitaitika mimi."

Nikakataa. Nikasema nitakesha naye. Nikasema mengi. Na Mungu anisamehe, nililala.

Nilipoamka kulikuwa kumekucha. Kiti kilikuwa bado mlangoni na mama yuko juu yake, anahema, macho kayakazia kitasa. Nikamwuliza kama waliita tena.

"Bado," akasema, bila kugeuka. "Endelea kulala."