Mzigo wa Visočica

Katika miaka sita ya kukimbia pamoja milimani, Rasema hakuwahi kumpita wifi yake kwenye mwinuko. Jumapili ile alimpita mara mbili kabla ya saa tano asubuhi.

Mara ya kwanza walicheka wote. Almasa alikuwa mwembamba, kilo hamsini na mbili, muuguzi wa wodi ya watoto ambaye hata korido za hospitali alizipita kama anayekimbizwa. Rasema, mke wa kaka yake, Muamer, alikuwa na kilo themanini kasoro kidogo, na mbio za milimani alizianza kwa ubishi tu, baada ya mumewe kumwambia hataziweza. Tangu hapo mpangilio wao ulikuwa mmoja: Almasa mbele, Rasema nyuma akilalamika.

"Wifi, uzee ndiyo huo umefika?" Rasema alimwambia akimpita. "Nikutafutie punda?"

"Nimetoka zamu ya usiku juzi. Nyamaza, panda."

"Juzi si leo."

Walikusudia kuuvuka mgongo wote wa mlima Visočica kwa siku moja, kilomita thelathini na nane, na Muamer angewasubiri upande wa pili na gari. Walianza saa kumi na moja alfajiri, umande ukiwalowesha magoti. Saa tatu walifika kwenye makaburi ya kale, yale mawe makubwa yaliyochongwa ambayo hakuna ajuaye chini yake wamelala kina nani. Walikaa hapo wakala mkate na jibini. Walipomaliza, Almasa alifungua chupa ya chai, akaona iliyobaki haina kazi, akaimwaga nyuma ya jiwe bado inafuka mvuke. Hakutazama anapomwaga, wala hakutamka bismillahi. Akavaa mfuko wake mgongoni, wakaondoka.

Hatua mia mbili mbele mikanda ya mfuko ilianza kumkata mabegani.

Aliilegeza. Haikusaidia. Alitoa chupa moja ya maji akampa Rasema ambebee, kisha koti, kisha chakula chote, mpaka mfuko ukabaki mtupu, unapeperushwa na upepo, na mabega yakazidi kuuma. Haukuwa uchovu anaoujua. Uchovu wa mbio huanzia miguuni ukapanda juu. Huu ulitoka juu ukimshukia, ukamkalia kiunoni, ukambana mbavu pande zote mbili. Alikula tini mbili na kijiko cha asali, akidhani sukari ya mwili imeshuka. Akanywa maji ya chumvi. Akaendelea, mikono juu ya mapaja, anausukuma kila mguu kama wa mtu mwingine.

"Kuna kitu kinaungua?" Rasema aliuliza alipompita mara ya pili.

"Wapi?"

"Sijui. Kama sufu. Au nywele."

Almasa naye alikuwa ameisikia ile harufu. Alidhani ni yeye peke yake.

Ukungu ulipanda kutoka bondeni saa tano, ukafunika mgongo wa mlima mpaka zikabaki alama nyekundu na nyeupe tu kwenye mawe ya njia. Huko haikufaa kutoka nje ya njia. Tangu vita vya miaka ya tisini, mteremko wa kushoto ulikuwa na vibao vya kuonya mabomu ya ardhini. Kulikuwa na sauti pia, nyembamba, ya kukatika katika, nyuma ya sikio lake. Almasa alijiambia ni mkanda unalia ukikwaruza. Akauvua mfuko kabisa, akaushika mkononi. Sauti iliendelea.

Kwenye bonde dogo kati ya vilele viwili theluji ya mwaka ule ilikuwa bado haijayeyuka, ngumu, imeganda juu kama saruji. Rasema alitangulia, akavuka akiacha alama hafifu za soli. Alipogeuka, wifi yake alikuwa amezama mpaka magotini.

"Mbona unazama?" Rasema aliuliza, na safari hii hakuwa na utani.

"Pengine hapa ni laini."

"Umekanyaga nilipokanyaga mimi."

Almasa alichomoa mguu, akaweka hatua nyingine ndani ya alama ya Rasema, na theluji ikavunjika ikammeza tena. Ilimchukua robo saa kuvuka mita thelathini. Alipofika ng'ambo alitaka kulala pale pale juu ya kokoto. Kwa mazoea ya kazi alipeleka vidole shingoni kupima mapigo yake, macho kwenye saa, akahesabu: mia na tisa, yanakwenda sawasawa, ya mtu aliyechoka. Ndipo vidole vilipoteleza vikafika juu ya bega, mahali ambapo hapana mshipa wa kupimika, vikakuta mapigo mengine, mepesi, ya haraka haraka, yanadunda ndani ya kitu chenye joto ambacho jicho halikukiona. Na kwa kuwa miaka kumi na minane alikuwa amepima mapigo ya watoto kila siku ya Mungu, vidole vyake vilihesabu vyenyewe kabla akili haijavizuia, mia na arobaini, mia na arobaini na nne, mapigo ya mtoto mdogo mwenye maumivu, na hapo hapo akaelewa kwamba kilichombana mbavu zake tangu asubuhi hakikuwa uchovu wala ugonjwa, ni mapaja mawili membamba, na kile kilichokuwa kikilia nyuma ya sikio lake hakikuwa mkanda.

Aliuondoa mkono polepole.

"Rasema," alisema kwa sauti ndogo. "Nimebeba mtu."

Rasema alimshika mkono, akaanza kusoma Ayatul Kursiyyu chini chini, na wakashuka hivyo, akimvuta kama mtu anayevuta ng'ombe mgonjwa, hadi kwenye vibanda vya wachungaji upande wa kulia wa mlima. Saa nane kasorobo walibisha hodi kwenye mlango wa kwanza uliokuwa na moshi.

Aliyefungua ni Bi Umihana, mjane aliyepandisha kondoo wake huko kila kiangazi, na ambaye watu wa mabonde yote mawili walimletea waliopatwa na hofu ili awayeyushie madini ya risasi na kusoma umbo lake likiganda majini. Aliwaitikia salaam. Kisha akamtazama Almasa, si usoni, bali juu ya bega.

"Ingia, mwanangu. Lakini usiegemee ukuta. Utambana."

Almasa aliketi kwenye kigoda katikati ya chumba, akalia bila sauti. Bi Umihana hakumbembeleza. Alimfunika kichwa kwa kitambaa chekundu, akaweka kipande cha risasi ndani ya kijiko kirefu cha chuma, akakishika juu ya moto huku midomo yake ikisoma. Risasi ilipoyeyuka akaimimina ndani ya bakuli la maji juu ya kichwa cha Almasa. Ikalia tsss. Akaitoa, akaitazama, akamwonyesha Rasema: viguu viwili vidogo, vimekunjamana.

"Kaungua," alisema. "Mlimwaga nini?"

"Chai," Almasa alijibu ndani ya kitambaa. "Kwenye makaburi."

"Ya moto?"

"Ya moto."

Bi Umihana alivuta pumzi. Akayeyusha mara ya pili, na maji yalipolia akauliza, si kwa ukali, kama anavyouliza mtu jirani aliyekuja kudai haki, "Na wewe mwenye mtoto, unataka nini?"

Mdomo wa Almasa ulifunguka. Alihisi taya lake likisogea, ulimi ukisogea, na sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa ya mwanamke mkubwa kuliko yeye, imekauka kwa kuchoka.

"Sitaki kitu. Nimetembea nyuma yake tangu asubuhi. Mwanangu alikuwa amelala. Alimpanda kwa uchungu, sasa anaogopa, hajui kushuka."

"Mchukue."

"Siwezi kumchukua mgongoni kwa mtu. Mwambie amrudishe alipomtoa."

Mdomo ukajifunga. Rasema, aliyekuwa ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili, aliuliza, "Nimbebe mimi? Mimi nina mgongo."

"Hahamishwi," Bi Umihana alisema. Aliondoa kitambaa, akaketi mbele ya Almasa, wakatazamana. "Sikiliza, mwanangu. Jua likizama naye bado yumo mgongoni, atakuzoea. Kulikuwa na mwanamume wa bonde la chini, alimbeba wa kwake miaka kumi na mmoja. Alipokufa tulishindwa kumnyoosha. Tulimzika amekaa."

"Ni kilomita kumi na moja," Almasa alisema. "Bi, siwezi hata kusimama."

"Najua."

Kondoo walisikika nje. Bi Umihana aliinuka, akaleta kopo la maziwa mgando. "Ukifika mpake haya miguuni. Ya kondoo, ni ya baridi."

Almasa alilitazama kopo lile kwa macho yaliyovimba. Alikuwa amewaambia kina mama mia kadhaa jambo hilo hilo, na sasa lilimtoka kwa mazoea, kwa uchovu. "Maziwa hayafai kwenye kidonda cha moto. Ni maji. Maji ya baridi, dakika ishirini."

Bibi yule aliliweka kopo kando. "Basi mpe maji. Wewe ndiye unayejua."

Waliondoka saa nane na nusu, baada ya Rasema kumpigia simu Muamer arudi na gari upande walikoanzia. Safari ile haina mengi ya kusimuliwa, kwa sababu haikuwa na kitu ndani yake ila hatua. Ukungu uliondoka, jua likachoma, kisha likapoa. Pale kwenye theluji Almasa alivuka kwa mikono na magoti, na Rasema akitambaa kando yake, akimshika kiuno asianguke upande wa vibao. Kila alipotaka kukaa Rasema alimkataza.

"Hatua kumi, wifi. Kumi tu, halafu nitakuacha."

"Umesema hivyo mara arobaini."

"Mimi ni mwongo, muulize kaka yako. Hatua kumi."

Mara mbili Almasa alisema amekubali kubaki naye, alelewe mgongoni mwake, yote sawa, mradi aketi. Mara zote mbili Rasema alimzungukia mbele, akampa mgongo, akaiweka mikono ya Almasa mabegani mwake mwenyewe na kumvuta. Kilio kilikuwa kimepungua kikabaki kwikwi, na Almasa, asijue tangu lini, alikuwa akimwambia chini chini, "Haya, baba, haya, tunafika," kama alivyowaambia wote.

Walifika kwenye makaburi jua likiwa limebakiza upana wa vidole viwili juu ya vilele vya magharibi. Almasa alipiga magoti nyuma ya lile jiwe. Rasema alikuwa amejaza chupa zote kwenye chemchemi ya chini kidogo, maji ya theluji.

"Nyoosha mgongo, ashuke," Rasema alisema.

"Bado. Maji kwanza."

Almasa alitazama saa yake. Akaanza kumimina taratibu ubavuni mwake, kulia na kushoto, pale miguu ile ilipombana, maji yakipita kwenye nguo yakashuka mapajani, na upepo wa jioni ukayageuza kuwa barafu. Chupa moja iliisha, Rasema akampa nyingine, akakimbia kwenda chemchemi, akarudi anahema.

"Wifi, jua."

"Bado dakika tisa."

"Huyu ni jini, Almasa. Si mgonjwa wa wodini kwako."

"Ana mapigo," Almasa alisema, meno yakigongana. "Jaza nyingine."

Rasema alichukua chupa tupu, akaenda. Aliporudi jua lilikuwa limekaa juu ya kilele kama yai. Almasa aliendelea kumimina, bila haraka, vidole vyake vya mkono wa pili vikiwa juu ya bega, vikihesabu. Mia na thelathini. Mia na kumi na nane. Kwikwi zikaachana, zikakoma. Mia na nne. Jua lilibaki ukucha tu, likabaki uzi, na Rasema alikuwa amefumba macho asione, ndipo Almasa alipohisi kidole kimoja kikiachia mfupa wa bega lake, halafu cha pili, halafu mkono mzima, na kitu chepesi, chepesi kuliko alivyotarajia baada ya siku nzima ya kukibeba, kikateleza kwenye mgongo wake uliolowa na kushuka. Majani nyuma ya jiwe yalilala. Karibu yake yakalala mengine, kwa upana wa mtu mzima anayepiga magoti.

"Nisamehe," Almasa alisema. "Sikutazama."

Alijaribu kusimama, na kwa wepesi aliokuwa nao akapepesuka, Rasema akamdaka.

Waliteremka kwa njia fupi ya wachungaji, wakishikana, huku mwanga wa jioni ukififia. Walikuwa wamekwenda kama mita mia moja Rasema alipomfinya mkono. Upande wa njia uliotazama genge, majani yalikuwa yakilala hatua kwa hatua, sambamba nao, yakiinuka nyuma na kulala mbele.

"Usigeuke," Rasema alinong'ona. "Anatufuata."

Almasa alisikiliza. Hatua zile zilikuwa nzito, za mtu aliyetembea mchana kutwa.

"Hapana," alisema. "Anatusindikiza."

Walikwenda hivyo, watatu, hadi taa za kijiji zilipoonekana chini na njia ikawa pana. Hapo Almasa alisimama. Hatua nazo zikasimama.

"Basi, mama, inatosha," aliliambia giza. "Rudi. Usimwache peke yake."