Mnara wa Katoni

Mnara uliporomoka saa tatu na robo asubuhi, mbele ya watu waliokuja kuusifu.

Ulikuwa umejengwa kwa katoni zilizojaa miche ya sabuni, katikati ya ghala la kiwanda cha vifungashio, ili wageni wajionee mzigo ambao boksi la karatasi linaweza kuubeba. Wageni wenyewe walikuwa kikundi cha wawekezaji, karibu wote wastaafu, waliokuwa na hisa za kiwanda hicho tangu enzi za nywele nyeusi. Siku hiyo walikuja kutembezwa, kusikiliza habari za kampuni yao, na kuamua kama waendelee nayo. Badala yake waliona mali yao ikilala chini kama mlevi.

Mkaguzi wa kampuni ya bima alifika kabla ya saa nne. Alikuwa msichana mpole, mwenye sauti ambayo watu walilazimika kuinama ili waisikie. Mtu wa kwanza kumwona mlangoni pa ghala alikuwa shangazi yake, ameketi juu ya kiti cha plastiki, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

"Shikamoo, shangazi. Umeumia?"

"Marahaba, mwanangu. Nimeumia heshima tu. Nimesukumwa nikaanguka kama gunia mbele ya watu niliowazalisha watoto wao." Shangazi alikuwa mkunga kabla ya kustaafu, na nusu ya kikundi ilipita mikononi mwake kwa namna moja au nyingine. "Ila aliyenisukuma kaniokoa. Yule pale, mtunza ghala. Kaja mbio, kanipiga kikumbo, na mnara ukamwangukia yeye mkononi."

Mkaguzi alishusha pumzi. Asubuhi ileile, alipokuwa akinywa chai, shangazi alikuwa amemtumia picha kwa simu: amesimama mbele ya mnara kwa madaha, mkono kiunoni, na nyuma yake katoni zimeshikana kama ukuta wa nyumba. Chini yake alikuwa ameandika, "Mali yetu hiyo." Gawio la mali hiyo ndilo lililomsomesha Mkaguzi chuo. Hakuwahi kushukuru kwa mdomo. Kila alipojaribu, aliishia kuosha vyombo.

"Sasa nauza," shangazi alisema. "Saa tisa natia saini. Mwenyekiti wa kikundi chetu amejitolea kununua hisa zetu sote, Mungu ambariki, ingawa ni kwa nusu ya bei ya wiki jana. Kampuni ya maboksi ambayo maboksi yake hayawezi kusimama, nani mwingine ataitaka? Nile nini nikingoja?"

Mkaguzi alitoka nje akampigia simu bosi wake, akamweleza kwamba shangazi yake alikuwa miongoni mwa wanahisa.

"Vizuri umesema mapema," bosi alijibu. "Usimpendelee, usimwonee. Endelea na kazi."

Alirudi akachuchumaa kwenye kifusi. Katoni za pembeni zilikuwa kavu, ngumu, zenye mlio mzuri ukizigonga kwa kidole. Lakini zile za katikati, za safu za chini kabisa, zilikuwa tepetepe. Alipobonyeza moja, kidole kilizama kama kwenye mkate uliochovywa chai, na sabuni ndani yake ilikuwa imeanza kuteleza. Alitazama juu: bati lilikuwa zima. Alitazama chini: mnara ulikuwa umesimamishwa juu ya paleti ya mbao, na sakafu ilikuwa kavu. Maji ya mvua hayana akili ya kuchagua katoni za ndani na kuruka za nje. Kuna mtu aliyeyatia.

Alianza na mtunza ghala, mwanaume wa makamo aliyekuwa amefungwa bandeji kifundo cha mkono.

"Watu wanasema ulikimbia kabla mnara haujaanguka," Mkaguzi alisema. "Ulijuaje?"

"Niliusikia, dada. Katoni ikizidiwa hulia kwanza, kama mlango mkavu. Nilikuwa getini tangu asubuhi napokea wageni. Nilipoingia tu nikasikia huo mlio, nikamwona mama amegeuka anapiga picha. Sikuwa na muda wa adabu."

"Nani aliujenga?"

"Mimi na vijana wangu, jana jioni. Tukaondoka, nikafunga mlango mkubwa, funguo nikaondoka nazo."

"Mliupangaje?"

Alimtazama kama mtu aliyeulizwa wali hupikwa vipi. "Pembe juu ya pembe. Nguvu ya katoni iko kwenye pembe zake nne. Ukiikosea pembe, unaikalisha ya juu kwenye tumbo la ya chini, na tumbo halibebi kitu."

"Kuna njia nyingine ya kuingia?"

"Mlango wa kutokea ukumbi wa mikutano. Huo una komeo tu, na komeo liko upande wa ukumbi." Alirekebisha bandeji yake. "Meneja wa kiwanda ameniambia leo nisiende mbali. Najua maana yake. Mwenye funguo ndiye mwizi, hata kama hakuna kilichoibiwa."

Ukumbini wanachama wa kikundi walikuwa wakibishana juu ya hisa. Viti vilikuwa vimepangwa vizuri, kila kimoja kikitazama upenyo wa viwili vya mbele, kiasi kwamba hata aliyekaa nyuma kabisa aliona mbele bila kunyoosha shingo.

"Bei ya karatasi inapanda kila mwezi," mmoja alikuwa akisema. "Faida itatoka wapi?"

"Na mteja mkubwa ni mmoja tu," alidakia mwingine. "Akipiga chafya, sisi tunalazwa."

"Mimi nilikuwa naangalia madukani," shangazi alisema kwa huzuni. "Kila kitu kinachouzwa kinataka kuvaa. Hata kiatu hakitoki dukani uchi. Nikasema, hii biashara haifi. Kumbe nguo zenyewe ni mbovu."

Dalali wa hisa, kijana mwenye tai fupi aliyeletwa kuwashauri, alikuwa pembeni akijipepea kwa bahasha. Mkaguzi alimwita kando.

"Umekuwa ukiwaambia wauze," alimwambia.

"Tangu mwaka jana. Kampuni inategemea mteja mmoja, hilo halina siri. Lakini kuna kusema nyumba inavuja na kuna kupanda juu ukatoboa bati. Mimi ni wa kusema tu."

"Wakiuza unapata kamisheni."

"Wakiuza sokoni, ndiyo. Wakiuziana wenyewe kwa wenyewe, katiba ya kikundi inawaruhusu, na mimi naambulia soda." Alicheka bila furaha. "Leo wanauziana wenyewe. Hata nauli sijui nitaitoa wapi."

"Jana jioni ulikuwa hapa?"

"Nilikuja kufunga ile mashine ya kuonyesha picha ukutani. Niliondoka jua bado lipo. Mwenyekiti alibaki anapanga viti. Nikamwambia, mzee, acha vijana wapange, akasema viti vikipangwa na vijana watu wanaonana visogo."

Mwenyekiti mwenyewe alikuja bila kuitwa. Alikuwa mzee mnene, mchangamfu, mikono mipana kama makasia. Alikuwa ameanza maisha kwa kujenga kuta kwa mikono yake, na sasa alikuwa mkandarasi. Viatu vyake vilikuwa na vumbi la saruji.

"Samahani kwa hivi viatu, binti. Nimetoka kwenye ujenzi moja kwa moja. Nawajengea watu wa juisi kiwanda kipya, hawana simile, kila siku wanataka kuhamia kesho." Alishusha sauti. "Nisikilize. Sitaki kumharibia mtu kazi, lakini yule mtunza ghala... funguo anazo, na alikimbia kabla ya mnara kuanguka. Malaika aliyemwambia ni yupi?"

"Wewe ulibaki hapa hadi saa ngapi jana?"

"Kidogo tu. Viti vilipokwisha, nikaenda zangu. Wazee wangu wamekaa vizuri leo, ndiyo shukrani yangu." Akatabasamu. Mama mmoja aliyepita alimshika mkono akasema, "Mwenyekiti, tusingekuwa na wewe tungekuwa wapi," naye akampigapiga begani.

Mkaguzi alisikia uchungu. Mzee huyu ndiye aliyekianzisha kikundi. Aliwazika wenzao waliokufa na kuwatembelea waliolazwa. Mkaguzi alitamani kosa liwe la mtu mwingine, mtu asiyependwa na yeyote.

Alimfuata meneja ofisini, akamkuta ameshika kichwa.

"Hii habari ikitoka, kampuni imekwisha," meneja alisema.

"Imekwisha, au bei yake imekwisha? Kuna lolote jema linalokuja ambalo wanahisa hawajui?"

Meneja aliinuka, akafunga mlango. "Leo mchana nilikuwa nitangaze. Watu wa juisi wanaacha chupa za plastiki. Kuanzia wakihamia kiwanda kipya, kila kitu chao kitafungwa kwa karatasi yetu. Ni zaidi ya mteja mkubwa tuliye naye sasa. Hii bei ya leo, baada ya miezi michache watu wataikumbuka na kulia. Lakini baada ya aibu ya asubuhi nimeogopa hata kufungua mdomo."

"Nani anajua?"

"Mimi, wao, na labda anayewajengea. Aliambiwa apanue chumba cha kuhifadhia katoni."

Mkaguzi alitoa simu yake, akaifungua ile picha ya shangazi, na safari hii hakumtazama shangazi. Alizitazama katoni. Kila katoni ilikuwa imekaa juu ya mbili, pembe zake zikiangukia katikati ya tumbo la ya chini. Hakukuwa na pembe juu ya pembe hata mahali pamoja. Mnara uliopigwa picha asubuhi haukuwa mnara uliojengwa jana.

Saa nane na nusu, kabla ya saini, aliwaomba wote waingie ghalani. Alikuwa ameweka katoni kavu kumi na mbili kando ya ukuta.

"Kwa ajili ya ripoti yangu," alisema, na watu wakainama wamsikie, "nahitaji picha za mnara mdogo. Naomba watu watatu wanisaidie, mmoja baada ya mwingine. Mtunza ghala ana mkono mbovu, atamwelekeza kijana wake. Kisha Dalali. Kisha Mwenyekiti."

Kijana wa mtunza ghala alipanga pembe juu ya pembe, akapigwa picha, akazishusha. Dalali alipanga kitu kilichoegemea kushoto.

"Huo mnara au wewe ukitoka harusini?" shangazi alimuuliza, na kwa mara ya kwanza siku hiyo watu wakacheka.

Mwenyekiti alicheka pia, akakunja mikono ya shati. Aliweka tatu chini. Ya nne akaikalisha juu ya mshono wa mbili za kwanza, akaigonga kwa kiganja ikae sawa, kama linavyogongwa tofali. Akaendelea hivyo, haraka, kwa uzuri, bila kufikiri. Alipoinua katoni ya saba aliona hakuna anayecheka. Mtunza ghala alikuwa amesogea mbele.

"Mwenyekiti," mtunza ghala alisema taratibu, "huo ni ukuta."

Mkaguzi alimpa meneja simu yenye picha, naye akaipitisha kwa wengine. "Jana mtu aliingia kwa mlango wa ukumbi," alisema. "Akaubomoa mnara, akalowesha katoni za ndani, akazungushia kavu, akaujenga upya. Aliujenga kwa namna ambayo mikono yake inajua. Ukuta hufungwa hivyo ili uwe imara. Katoni hudhoofika."

"Binti, watu wengi wanajua kupanga hivi," Mwenyekiti alisema, lakini katoni ilikuwa bado mikononi mwake.

"Aliyebaki jana ni wewe peke yako. Na anayewajengea watu wa juisi chumba cha katoni ni wewe peke yako. Meneja, waambie wanachama ulichotaka kuwaambia mchana."

Meneja akawaambia. Watu ghalani wakaanza kupiga hesabu wasiyotaka jibu lake.

Mwenyekiti aliketi juu ya ile katoni. "Nilitaka uanguke usiku," alisema hatimaye. "Wallahi sikutaka umguse mtu. Nilidhani mtakuja mkute kifusi, muogope, muuze. Ujenzi umenila. Nimechukua kazi kubwa kuliko mfuko wangu, benki wananifuata. Nikakopa kwa mtu ninunue hisa zenu kwa bei ndogo, zikipanda nilipe madeni, nikaona mimi ndiye niliyewaonyesha njia tangu mwanzo. Nikajiambia kuna sehemu ni haki yangu."

"Na huyu?" shangazi alimwonyesha mtunza ghala. "Ungemwacha afukuzwe?"

Mzee alitazama viatu vyake vyenye vumbi. Meneja alikwisha kuwaita polisi.

Saa tisa ilipita bila mtu kutia saini. Shangazi alimfuata mtunza ghala, akamshika ule mkono mzima kwa mikono yake miwili.

"Mwanangu, umenipa maisha, nami nusura nikubali wakuite mwizi. Asante, na unisamehe."

"Mama, mimi nashukuru hukuvunjika," alisema, akatazama pembeni kwa haya. "Nilikupiga kikumbo cha nguvu kweli."

Baadaye shangazi na Mkaguzi walikaa kwenye benchi nje ya geti, wakingoja gari la kampuni. Mkaguzi alijua asiposema leo, ataosha vyombo mpaka uzeeni.

"Shangazi. Asante."

"Ya leo? Leo umefanya kazi yako."

"Ya chuo. Ya ule mwaka hisa zilipoanguka, kila mtu akauza, wewe ukazishika kwa ajili ya karo yangu. Sijawahi kukuambia."

Shangazi alitazama barabara.

"Ule mwaka nilikuwa nauza," alisema. "Nilikwisha kuvaa viatu niende. Mwenyekiti alikuja nyumbani, akakaa mlangoni, akasema hatoki mpaka nivue. Akasema, huyo mtoto atasoma kwa hizi. Akakaa mpaka nikavua."

Mkaguzi aligeuka, akalitazama gari la polisi lililokuwa likitoka polepole getini. Nyuma ya kioo, Mwenyekiti alikuwa ameinamisha kichwa.

Shangazi alisimama. Hakupunga mkono, wala hakugeuza uso. Alisimama tu, wima, kama mtu anavyosimama mgeni wake anapoondoka, mpaka gari likapotea. Mkaguzi naye akasimama kando yake.