Kunguru Mbili Anaomba Kutua

"Mnara, huyu ni Kunguru Tatu. Nimeacha njia ya kurukia, napanda."

Ilikuwa sauti ya Daktari wa Meno, na hakuwa anapanda popote. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki uani kwake, macho kafumba, redio ya mkononi imegusa mdomo, na sina shaka mkewe alikuwa anamchungulia dirishani akijiuliza kama hiyo nayo ni dalili ya ugonjwa.

"Kunguru Tatu, nimekupata," nikamjibu. "Panda, kisha pinda kushoto."

Hivyo ndivyo klabu yetu ya urubani ilivyokuwa ikiishi tangu maradhi yaingie na uwanja ufungwe. Mwenyekiti, rubani mstaafu mwenye magoti mabovu na kichwa kigumu, aliwagawia wanachama redio za mkononi. Akaagiza kila alasiri kila mtu akae kitini nyumbani kwake, afumbe macho, aruke kwa mdomo: aondoke, azunguke uwanja, aombe kutua. Mimi, fundi wa ndege, nilikaa na Mzee huyo kwenye chumba cha redio, tulichokiita Mnara, nikiwaruhusu kutua watu ambao hawakuwa hewani. Tuliziita safari za kiti. Wenye akili zao walituambia tuuze ndege tufunge mlango. Mimi nilikuwa na sababu yangu ya kukataa.

"Fundi, navuta usukani," akasema Daktari. "Kasi inashuka kidogo, lakini nasikia raha."

"Shusha pua, Daktari. Utaanguka."

Hakusema Mwenyekiti, na sikusema mimi. Ilikuwa sauti nzito, tulivu, ya mtu anayekukosoa huku anatabasamu. Nikamgeukia Mwenyekiti.

"Mzee, umesikia?"

"Nimesikia." Chai ilikuwa inamwagika kwenye kisahani chake.

"Ni yeye."

"Binti yangu, usiseme."

"Ni Mwalimu, Mzee. Mimi siwezi kuikosea sauti ile."

Mwalimu alikuwa mkufunzi wa urubani wa klabu yetu. Alikuwa pia mchumba wangu. Na siku hiyo tulikuwa tumeshamaliza matanga yake.

Alikuwa ameniaga kwamba anakwenda nchi ya mbali kuendesha ndege ya mizigo, akirudi tufunge ndoa. Mipaka ikafungwa. Tukawa tunaongea kwa simu kila siku, kisha simu zikaanza kupungua, kisha ukaingia ujumbe kutoka namba nisiyoijua:

"Samahani dada. Mimi nafanya kazi na mchumba wako. Alilazwa, hali ikabadilika ghafla. Amezikwa leo na watu wa afya. Poleni sana."

Nikapiga namba ile, haipatikani. Nikapiga ya kwake, haipatikani. Shangazi yake, aliyemlea tangu anatambaa, alikuwa amepata ujumbe uleule. Siku zile watu walizikwa na wasiowajua, na hakuna aliyeweza kusafiri hata kuona kaburi. Tukakaa msibani mimi na Shangazi, wawili tu, viti mbalimbali, barakoa zimelowa.

Sababu yangu ndiyo hiyo. Klabu ile ilikuwa yake kwa mapenzi, na mimi nilikuwa naitunza kama mtu anavyotunza chumba cha aliyeondoka.

Kesho yake sauti ikarudi.

"Mnara, Kunguru Mbili. Niko upande wa kusini, naomba kutua."

Kunguru Mbili ndiyo ndege aliyokuwa akifundishia. Niligeuka nikaitazama kupitia mlango wa banda. Ilikuwa palepale, imefunikwa turubai, na kamba za turubai zimefungwa kama nilivyozifunga asubuhi.

"Jibu," akanong'ona Mwenyekiti.

"Nimjibu nini?"

"Unachowajibu wengine."

Nikabonyeza. "Kunguru Mbili, karibu. Njia ni yako."

"Asante, Fundi." Kisha: "Nimetua."

Nikasimama dirishani. Njia ya kurukia ilikuwa tupu mwanzo hadi mwisho, nyasi zimeanza kuchomoza kwenye nyufa. Upepo ulizilaza upande mmoja, kama kuna kitu kimepita.

Habari haikufichika, maana wanachama wote walikuwa wanasikiliza. Waliokuwa wameanza kutegea wakarudi, hata waliokuwa wametupa redio kabatini. Daktari akaniandikia:

"Fundi, mke wangu anasema tuache kuchezea mambo ya wafu. Nimemwambia huyu marehemu anafundisha vizuri kuliko wengi walio hai. Kesho nipo."

Nikacheka, halafu nikajishika mdomo.

Shangazi naye akasikia. Akaja kwa miguu, akakaa mbele ya redio, mkoba mapajani.

"Ongeza sauti, mwanangu."

Sauti ilipokuja, Shangazi hakulia. Aliinama karibu na spika mpaka kilemba kikaigusa.

"Mwambie avae kitu kizito," akasema. "Huko juu kuna baridi, na kifua chake nakijua."

"Shangazi, sijui kama..."

"Mwambie."

Nikabonyeza. "Kunguru Mbili, Shangazi yuko hapa. Anasema uvae kitu kizito."

Mwenyekiti akavua kofia.

"Mwambie nimevaa," ikajibu sauti.

Hapo ndipo Shangazi alipolia, na nilimwacha alie, kitufe nimekibonyeza ili asikike.

Kinachonitisha mpaka leo ni kwamba nilikuwa na furaha. Nilianza kujipaka manukato kwenda chumba cha redio. Wengine wakishatua na kuzima, mimi nilibaki.

"Kunguru Mbili, bado upo?"

"Nipo."

"Ni giza huko?"

"Hapana. Ni mchana kama huko kwenu."

"Unanikumbuka?"

"Nakusikia kila siku, Fundi."

Nilikuwa nikifika nyumbani nimeshiba maneno hayo, chakula sikitaki. Mwenyekiti akaanza kuniangalia kwa jicho la daktari.

"Binti yangu, nguo zinakuvaa badala ya wewe kuzivaa. Huyo mtu anakuvuta."

"Si mtu, Mzee."

"Ndiyo nasema."

Mambo yangeendelea hivyo mpaka nimalizike kama si mvua. Injini ya ndege ikikaa bila kuwashwa inaota kutu ndani, kwa hiyo nilikuwa naziwasha zote kwa zamu kila asubuhi. Siku moja mvua ilipiga asubuhi nzima. Ilipoanuka ilikuwa saa ya safari za kiti.

"Kaa na redio yako," akasema Mwenyekiti. "Kunguru Mbili nitaiwasha mwenyewe. Magoti ni mabovu, mikono mizima."

Akaisukuma nje. Mimi nikakaa.

"Mnara, Kunguru Mbili. Niko upande wa kusini..."

Dirishani nikasikia injini ikikohoa. Ndege ile ina kikohozi chake kabla ya kushika, kikavu, chenye mlio wa bati. Nakijua kama mama anavyojua cha mwanawe. Na mara tu baada ya hapo, ndani ya spika, nyuma ya sauti ya marehemu, nikasikia kikohozi kilekile.

Nikainamia spika. Ilikohoa tena. Dirishani kwanza, redioni baadaye kidogo, kama ngurumo inavyochelewa kumfikia aliye mbali na umeme. Lakini si mbali sana.

"...naomba kutua," akamalizia.

Nilitoka nje, nikaizima Kunguru Mbili kwa mkono wangu.

"Mzee, redio hizi za mkononi zinafika wapi?"

"Unajua wewe. Hazivuki hata vile vilima."

"Basi marehemu anaishi jirani."

Mzee alinitazama mpaka macho yakamjaa maji. "Tulikuwa hatutaki kuuliza," akasema.

Alasiri iliyofuata nilimwachia chumba cha redio. "Mwongeleshe, Mzee. Usimwache anyamaze." Nikachukua redio ya mkononi, nikavaa barakoa, nikaenda mtaa mpya ulio nyuma ya uwanja.

Barabara ilikuwa tupu. Kila geti lilikuwa na ndoo ya maji na kipande cha sabuni, na hakuna aliyenawa. Mapazia yalisogea nikipita, yakarudi. Hapakuwa na mtoto wala redio ya muziki, ila hiyo iliyokuwa mkononi mwangu.

"Kunguru Mbili, hali ya hewa huko ikoje?" Mwenyekiti akauliza, sauti imekauka.

"Shwari, Mzee. Mawingu machache."

Nikapita nyumba ya kijani. Nikapita ya ukuta usiopigwa lipu. Sauti ikaanza kunijia mara mbili, mara moja kiganjani na mara nyingine kupitia kwenye matofali. Nilipofika geti jeusi redio yangu ikapiga mluzi mkali, kama zinavyofanya redio mbili zikikaribiana mno, na mle ndani mtu akakatisha neno katikati.

Nikagonga.

Alifungua mwanamke mwenye futi ya kushonea shingoni. Nyuma yake kulikuwa na cherehani na rundo la barakoa za vitambaa.

"Karibu, dada. Za wakubwa au za watoto?"

"Asante, sikuja kununua. Mimi ni fundi wa ndege."

"Ndege gani?"

"Ile anayoiendesha mumeo huko ndani."

Akacheka, kisha akaona mimi sicheki. "Kumbe kuna watu wanamjibu? Kila alasiri anajifungia chumbani, anasema ni mazoezi ya kazi. Mimi nilidhani anaongea peke yake."

"Amekuambia ana ndugu?"

"Hana mtu. Wote walishafariki."

"Na sisi tuliambiwa hivyo kumhusu yeye."

Mshonaji akashika mlango. Akasogea pembeni, na kwenye korido alikuwa amesimama Mwalimu. Nilikuwa nimeizoea sauti isiyo na mwili. Sasa ilikuwa na mwili, fulana iliyotoboka na kandambili, na kitambi ambacho sikukiacha.

"Fundi," akasema.

"Ulirudi lini?"

"Tuongelee nje."

"Ulirudi lini?"

Akatazama sakafu. "Sikuwahi kwenda."

"Na ule ujumbe?"

"Niliuandika mimi." Akameza mate. "Harusi ilikuwa inakaribia. Kila nikitaka kukuambia sitaki, ulimi unakataa. Siku hizi kila mtu kafunika uso, watu wanaondoka bila kuagwa. Nikaona kufa ni rahisi kuliko kukuambia."

Mshonaji alikuwa amekaa kwenye kiti cha cherehani. "Mungu wangu," akasema taratibu.

"Sasa kwenye redio ulifuata nini?" nikamuuliza. "Marehemu si anyamaze?"

"Nilikuwa nasikiliza tu kwa redio yangu ya zamani ya kufundishia, naapa. Siku ile Daktari akavuta pua juu na kasi imekwisha. Ikanitoka. Nimefundisha maisha yangu yote, Fundi, siwezi kumsikia mtu anaanguka nikanyamaza."

"Alikuwa kwenye kiti cha plastiki."

"Najua. Nikaogopa, halafu nikaona mmenidhania mzimu. Nikajua naweza kurudi." Macho yake yakawa mekundu. "Niliwakosa. Nilikukosa wewe."

"Shangazi yako alikuambia uvae kitu kizito."

Akashika pindo la fulana yake.

"Ulimsikia analia?"

"Nilimsikia."

"Ukasema umevaa."

"Ningesema nini, Fundi?"

Nilitaka kumpiga kofi, na mkono ulikuwa tayari. Lakini nilimpenda mtu huyu mpaka nikampenda akiwa mzimu, na kofi moja lingekuwa dogo mno. Nikamgeukia Mshonaji.

"Pole, dada."

"Pole na wewe," akasema. "Huyu atakusanya vitu vyake aondoke. Nyumba ni yangu."

"Fundi," Mwalimu akaniita nikiwa getini. "Usiwaambie. Unisamehe, usinisamehe, sawa. Ila niachie kile kipindi cha alasiri. Sina kingine."

Usiku sikulala. Asubuhi nilimpigia Shangazi, nikamweleza yote bila kupunguza. Upande wa pili nilisikia akivuta kiti.

"Shangazi?"

"Nipo, mwanangu."

"Unataka nimlete?"

"Yule wangu nimeshamlilia. Nguo zake nimegawa. Huyo unayemsema simjui, na sina nguvu ya kujuana na mtu mpya." Akakohoa. "Leo nitakuja hapo klabuni nikuone wewe."

Nikawaandikia wanachama: "Mwalimu hakufa. Alijificha nyuma ya uwanja, alitudanganya wote, pamoja na aliyemlea. Leo safari zipo kama kawaida. Asiyetaka kuja namwelewa."

Hakuna aliyejibu. Nikajua klabu imekwisha, maana mzimu ndio uliokuwa umeirudisha, na sasa hakuna mzimu. Alasiri niliwasha redio. Shangazi alikaa kushoto, Mwenyekiti kulia. Spika ikawa inavuma bure.

"Mnara, Kunguru Tatu," akasema Daktari wa Meno. "Niko kitini. Naomba kuruka."

"Kunguru Tatu, ruka," nikasema.

Wakaja wote, mmoja baada ya mwingine. Wakapanda, wakapinda kushoto, wakazunguka uwanja uliofungwa. Halafu, katikati yao, sauti ile nzito:

"Mnara, Kunguru Mbili. Naomba kutua."

Hakuna aliyemjibu.

"Mnara, Kunguru Mbili, mnanipata?"

"Kunguru Tatu," nikasema, "hakuna ndege mbele yako. Tua."

"Natua," akajibu Daktari. "Mbele kweupe."

"Daktari, mimi hapa," ikasema sauti. "Mzee. Fundi. Mtu anijibu."

Nikawashusha waliobaki kwa zamu. Kila mmoja alisema ametua, akasema asante, akazima. Waliongea, sauti zao zikifunika yake, kana kwamba hayupo, na yeye akawa anaita majina yao, sauti ikipanda, kisha ikishuka, mpaka ikabaki peke yake kwenye mawimbi.

"Shangazi, nimekusikia ukipumua hapo," ikasema. "Shangazi, naomba nitue."

Shangazi alikuwa ameukunja mkoba kwa mikono miwili. Akanitazama, akatikisa kichwa.

"Bado yuko juu," akasema Mwenyekiti.

"Najua, Mzee."

Nikazima redio. Kisha nikatoka kuivua turubai Kunguru Mbili, kwa sababu asubuhi ile sikuwa nimeiwasha.