Pamba Juu ya Poda

Kitambaa cha hariri kilipofunguliwa, dhahabu haikuwamo. Mlikuwa na kipande cha sabuni ya kufulia, kimetulia raha mustarehe kana kwamba nacho kilikuwa na tikiti ya kwenda Muskat.

Inspekta Kenga alikikodolea macho kitambo kirefu. Si kwamba alikuwa akiwaza. Alikuwa amechoka tu, na askari aliyechoka akikodolea kitu macho, watu humdhania anachunguza. Wizi huu ulikuwa wa tatu Mji wa Kale juma hilo, na miguu yake ilikuwa imeshaanza kumdai likizo yenyewe, bila kumpitia mwenye miguu.

"Ndivyo ulivyokikuta, mama?"

"Ndivyo," alisema Bi Mwanarusi, mwenye nyumba. "Dhahabu naliitia kwa mkono wangu jana jioni, chini kabisa ya kijisanduku hiki. Bangili nne na mkufu. Leo asubuhi nikasema hebu niishike tena, roho itulie. Uzito ni ule ule. Lakini harufu! Tangu lini dhahabu ikanuka dobi?"

Kijisanduku chenyewe kilikuwa cha vipodozi, mali ya Jannat, binti yake aliyeolewa juma lililopita. Mume alikuwa ametangulia Muskat kazini, na bibi harusi alikuwa asafiri usiku huo kumfuata. Nyumba nzima ya Kibokoni ilinuka udi, hina na wasiwasi.

"Nani alivipanga vipodozi?"

"Everlyne, mtumishi wetu. Jannat alikuwa na hina mbichi mikononi, hawezi kushika hata kijiko. Mimi nilikuwa na wageni barazani."

Bwana Kamaludin, mumewe, alijipenyeza katikati. "Inspekta, humu ndani anafua nani? Everlyne. Sabuni hiyo ni ya nani? Ya Everlyne. Sasa wangoja malaika ashuke akuandikie ripoti?"

"Akishuka nitamshukuru," Kenga alisema. "Mimi mwandiko wangu mbaya."

Alichungulia kikebe cha poda, chenye pamba ndani, kisha akakifunga kijisanduku kwa kidole kimoja. Kikalia *tiki*. Akakikwapua kuwa kielelezo, akajikokota hadi kituoni, ambako Konstebo Wekesa alikuwa amekwisha mtia Everlyne ndani tangu asubuhi.

Everlyne alikuwa binti wa Kaloleni mwenye umri wa miaka ishirini na kitu. Alikuwa amekaa sakafuni, magoti yamefika kidevuni. Kesho angepelekwa kortini. Hata kama hakimu angemwachilia, jina la mwizi lingemtangulia kila mlango kisiwani, kuanzia Kizingo hadi Makupa. Hilo alilijua, na Kenga alijua kwamba analijua.

"Dhahabu iko wapi?"

"Sijui, afande."

"Sabuni ni yako?"

"Ni ya nyumba. Hukaa juu ya karo la kufulia, uani. Kila mtu hupita hapo."

"Hebu niambie ulivyovipanga vile vitu."

Everlyne aliinua uso. Hilo hakuwa ameulizwa. "Sikupanga, afande. Nilitia. Mama alinionyesha meza akasema vyote vinaenda. Kopo kubwa la krimu, chupa za manukato, poda, rangi za kucha. Kikagoma kufungika."

"Ukafanyaje?"

"Nikakipigia goti."

Wekesa, aliyekuwa mlangoni na andazi mkononi, alicheka hadi akapaliwa. Kenga hakucheka.

"Na ile pamba, uliiwekea nini?"

"Pamba gani?"

Inspekta alirudi ofisini. Feni ya dari ilikuwa imekufa mwaka uliopita na haikuzikwa. Akakifungua kijisanduku mezani.

Hakuna kopo kubwa la krimu. Badala yake kulikuwa na kikopo cheusi, vile vinavyokuja na filamu ya kamera, kimejazwa krimu pomoni. Chupa moja tu ya manukato, mdomo wake umezungushiwa selotepu, kisha ikafungwa ndani ya mfuko wa nailoni. Rangi moja ya mdomo. Wanja umevishwa kifuniko cha kalamu ili usivunjike ncha. Akafungua tena kile kikebe cha poda ya kushindiliwa, chenye kioo kwenye kifuniko: kati ya kioo na poda, kipande cha pamba kimekatwa mviringo, kikakaa sawasawa.

Kenga alipumua. Mwaka jana alisafiri na mkewe Nairobi, sanduku moja, na poda kama hiyo ndani. Ilifika unga, na unga wenyewe ulikuwa umeingia katika sare yake ya gwaride. Alisimama gwarideni akinukia kama bibi harusi, na Wekesa hajamsahaulisha mpaka leo.

"Wekesa."

"Afande."

"Mtu alikifungua baada ya Everlyne. Akatoa dhahabu, akatia sabuni. Halafu badala ya kukimbia, akakaa kitako akapanga upya."

"Mwizi gani huyo, afande? Anaiba na kufagia?"

"Mwizi aliyezoea kusafiri. Kamata kofia yako."

"Nimalize andazi?"

"Tembea nalo."

Njiani Kenga aliwapitisha watu wa nyumba ile kichwani. Bi Mwanarusi hajavuka Malindi. Bwana Kamaludin hajui hata wanja hupakwa wapi. Jannat alikuwa na hina hadi viwikoni. Aliyebaki kati ya waliolala humo alikuwa Bi Swabaha, dada yake Kamaludin, aliyeachika zamani, ambaye hupanda ndege kwenda Dubai kuleta mabuibui ya kuuza. Kenga alitamani kuwa amekosea. Kukosea kungempa ruhusa ya kwenda kulala.

Walimkuta sebuleni na wifi yake. Mama mpole, buibui jeusi limemfunika hadi vifundoni. Kijisanduku Kenga alikishikilia mapajani, amekifunga.

"Bi Swabaha, sikuja kukusumbua. Nina shida yangu ya nyumbani. Mke wangu anasafiri tena, na safari iliyopita vipodozi vyake viliniaibisha. Wewe msafiri. Nimwambieje?"

Uso wa Bi Swabaha ulichangamka. "Ah! Wanawake wengi hubeba meza nzima. Mwambie achukue anachojipaka kila siku, basi. Rangi moja ya mdomo yatosha, hiyo hiyo ajipake na mashavuni. Krimu asibebe kopo, atie kwenye kikopo cha filamu."

"Na manukato?"

"Ndege ikipaa huvuja. Azungushe selotepu mdomoni, atie kwenye nailoni."

"Poda sasa. Poda ndiyo iliyonimaliza."

"Pamba!" Alicheka. "Akate kipande cha pamba, akilaze juu ya poda kabla ya kufunga. Hata sanduku lianguke, haivunjiki. Hapa nyumbani nawaambia kila siku, wala hakuna anisikiaye."

Kenga alifungua kijisanduku. Akatoa kimoja kimoja: kikopo cha filamu, chupa yenye selotepu, kikebe cha poda. Akakifungua kikebe. Pamba ikawatazama wote.

Kicheko cha Bi Swabaha kilizimika.

"Nani alimpangia Jannat?" Kenga aliuliza.

"Everlyne."

"Everlyne alifunga kwa goti. Anayesikia maneno yako, bibi, ni wewe mwenyewe."

Bi Mwanarusi aligeuka. "Wifi? Wifi, sema maneno!"

Bi Swabaha alishika mkono wa buibui lake akaupandisha polepole. Juu ya kiwiko, bangili nne zilikuwa zimebana nyama, zimepandishwa huko zisilie. Kisha akafungua ushungi. Mkufu ulikuwa shingoni.

"Umezivaa?" Wekesa alisahau adabu. "Umeiba ukazivaa papa hapa?"

"Ni zangu." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetua gunia. "Mama yangu alinivisha kwa mikono yake, kitandani, kabla hajafa. Nilipoachika nikarudi humu, kaka akaniambia, 'Lete nikuhifadhie.' Nikampa. Ni kaka yangu, nitamnyima? Juma lililopita natoka jikoni na sinia la biriani, namwona Jannat kakaa kitini, kazivaa. Hakuna aliyeniambia. Wala aliyeniuliza."

Bwana Kamaludin alikuwa amesimama mlangoni, hakuna ajuaye tangu lini. "Na ungemwachia nani?" alisema. "Huna mtoto."

Bi Mwanarusi alimtazama mumewe kama mgeni aliyekosea nyumba.

"Nilimlea Jannat," Bi Swabaha alimwambia Kenga, si kaka yake. "Nilipofungua nikakuta vurugu tupu. Manukato yamelala, kizibo kimelegea. Ningemwachaje mtoto afike ukweni, afungue sanduku mbele ya mama mkwe, kutoke uji? Mikono ikapanga yenyewe."

"Na sabuni? Ulijua watamshika Everlyne."

"Nilitafuta kitu kizito. Ilikuwa karibu."

"Everlyne hukumfikiria?"

Alilitafuta jibu lililo bora kuliko lile alilokuwa nalo. Hakulipata. "Sikumfikiria."

Kamaludin alikohoa. Sauti yake sasa ilikuwa imetiwa siagi. "Basi, Inspekta, bwana wangu. Tumeelewana. Haya ni mambo ya nyumbani, tutayamaliza wenyewe."

Kenga alisimama. Magoti yake yalilia. "Asubuhi yalikuwa ya serikali, Bwana Kamaludin. Msichana wa watu ameshinda sakafuni kwa ajili yake. Dhahabu ni ya nani, mtaambizana mbele ya hakimu, nawe usikose. Bi Swabaha, twende. Chukua leso ya kujifunika."

Kituoni Bi Swabaha alirudia maneno yake yote, akatia sahihi. Kenga aliyaandika kwa mwandiko wake mbaya bila furaha yoyote. Mwizi alikuwa amempata. Lakini kila akimtazama, alimwona kama aliyeibiwa, na hakukuwa na nafasi ya kuandika vyote viwili.

Wekesa alimtoa Everlyne. Wanawake hao wawili walikutana kwenye ujia mwembamba, mmoja anatoka, mmoja anaingia. Hapakuwa na nafasi ya kupishana bila kutazamana.

Bi Swabaha aliinamisha macho, akangoja tusi. Kenga naye alilingoja. Hata kulizuia asingelizuia.

Everlyne alijifunga leso yake vizuri kiunoni.

"Usilale upande wa mlango," alisema. "Maji ya choo hufika pale. Lala chini ya dirisha. Na usinywe ya ndoo nyekundu, ya kunywa ni ile nyingine."

Bi Swabaha aliinua uso, macho yamejaa. "Kwa nini waniambia?"

"Mimi hakuna aliyeniambia," Everlyne alisema, akapita.