Panga Lililofukuliwa Kitanga

Saady ni mtoto wa shemeji yangu, Asia wa Kasulu mjini. Haya ninayowaandikia alinisimulia mchana kweupe, mbele yake chai ya rangi, si kitu kingine. Mimi shule niliiacha darasa la tano, lakini nikisimuliwa jambo halinidondoki hata punje. Anayeona nimetia chumvi aende Kitanga akaulize. Bodaboda zipo.

Saady alianza kwa picha za pasipoti, shuka la bluu likining'inia nyuma ya duka la Omary. Akahamia kwenye harusi. Kisha akaingia kambini, huko Kibondo, akawapiga picha wakimbizi kwenye foleni ya maji, na magazeti ya ng'ambo yakaanza kumtafuta. Hakuajiriwa na mtu. Leo gazeti hili, kesho shirika lile. Mtu wa kazi hiyo anaishi kwa picha moja tu. Akiikosa, kesho anaitwa mwingine.

Jumatano ya kisa hiki ilianza vizuri. Alikunywa uji kwa mama yake, akafuta lenzi, akapanda pikipiki. Kazi yenyewe ilikuwa tamu: ndugu wawili wa Kitanga, Makarius na mdogo wake Ildefonsi, walikuwa wanapatanishwa. Waligombea mpaka wa shamba la mihogo, Makarius akamkata mdogo wake sikio. Sasa ukoo wao una desturi yake. Panga lililomwaga damu ya ndugu humchinja kondoo, mara moja tu, halafu huzikwa uani pamoja na kichwa cha kondoo huyo. Likishazikwa, limezikwa. Kutu ndiyo inalimaliza.

Lakini mvua ilikuwa imenyesha, na mbele ya Heru Juu mnyororo wa pikipiki ukakatika. Saady alipofika, mambo yalikuwa yamekwisha. Kondoo alikuwa amelazwa juu ya majani ya migomba, hana kichwa. Udongo uani umeshindiliwa. Ndugu wawili walikuwa wanakunywa pombe ya ndizi kwa mrija mmoja, wanacheka.

"Mwakeye," akasalimu, roho imemshuka.

"Umechelewa, mpiga picha!" Makarius akamtania. "Tupige tukila nyama!"

"Kaka, Wazungu hawataki nyama. Wanataka panga." Akatazama udongo uliofukiwa. "Hatuwezi kulitoa kidogo tu? Dakika tano, tunalirudisha."

Bibi Ndayikunda, shangazi yao, aliyeusimamia upatanisho, akaweka kibuyu chini.

"Mwana wanje," akasema, yaani mwanangu, "wewe ukimzika mtu, unamtoa kidogo?"

"Ni picha tu, mama."

"Ni panga tu, masenge," Ildefonsi akamdakia shangazi yake, akilishika sikio lililobaki. "Ndiyo mara ya kwanza nitoke gazetini. Nimekatwa bure?"

Wakacheka. Jembe likaletwa. Bibi Ndayikunda akainuka, akaenda kusimama mbali.

Walipofukua, kichwa kilikuwa na macho wazi. Makarius aliapa kwamba aliyafumba kwa vidole vyake mwenyewe.

Saady akapanga watu wake kama kawaida. Kondoo pale, Ildefonsi akichuchumaa karibu, Makarius juu yao. Kamera akaiweka kwenye mfululizo: ukibonyeza na kushikilia, inapiga tu bila kupumua. Hakutaka panga lishuke bila yeye kulinasa.

"Inua juu. Hapo hapo. Usishushe mpaka usikie kamera ikilia."

Wingu likaziba jua.

"Subiri mwanga, kaka. Usishushe."

Wakasubiri. Dakika moja. Mbili. Makarius akatabasamu.

"Mkono umechoka, bwana."

"Pumzika basi."

"Haushuki."

Watu wakaangua kicheko. Makarius hakucheka. Jasho lilikuwa linamdondoka kidevuni. Mguu wake wa kulia ukasogea, ukamruka kondoo. Wa kushoto ukafuata. Uso wake ulikuwa unalia, lakini miguu ilikuwa inatembea, na panga lilikuwa linamwelekea Ildefonsi.

"Mdogo wangu, kimbia," akanong'ona. "Si mimi."

Ildefonsi akarudi nyuma mpaka ukutani. Wanaume wanne wakamrukia Makarius. Walikuwa kama wanavuta mti. Jirani yao Sylvesta, mpasua mbao, akachukua mchi wa kutwangia, akaupiga mkono ule kwa nguvu zote. Mfupa ulilia kama kuni kavu. Ukachomoza kwenye ngozi, mweupe. Makarius akapiga ukelele uliowakimbiza kuku.

Mkono haukushuka.

Bibi Ndayikunda akamfikia Saady, akamshika shati.

"Umeliamuru wewe," akanong'ona. "Lilizikwa na ugomvi wake, mmevitoa vyote. Litashuka kamera ikilia. Usipoliachia, litatafuta njia yake lenyewe."

"Nifanye nini, mama?"

"Lipe kondoo."

Saady hakuwa mjinga. Akapiga kelele wamlaze Ildefonsi chini na kumfunika kwa kondoo. Wakafanya hivyo. Mzoga mzima ukamlalia kifuani na usoni. Chini yake ilionekana miguu tu. Makarius akasimama juu yake, mfupa nje, panga juu. Panga lije, alifikiri Saady, limle kondoo, libaki hapo, tulizike tena.

"Mungu wangu," Ildefonsi akasema chini ya manyoya. "Kaka Saady, piga haraka. Nashindwa kupumua."

Saady akainua kamera. Akabonyeza.

Kacha.

Panga likashuka. Likazama kwenye kondoo. Ikaruka damu ya moto, kutoka kwa mnyama aliyekwisha kuchuruzika tangu asubuhi. Miguu ya Ildefonsi ikatikisika. Mzima! Mwanamke mmoja akaanza kigelegele.

Kacha.

Panga lilikuwa limeinuka tena. Likashuka.

Kacha. Kacha.

Saady alikuwa amesahau mfululizo. Kidole kilikuwa kimeganda kwenye kitufe. Alikiona, kidole chake mwenyewe, akakiambia kiachie. Hakikusikia.

Kacha.

Kondoo alipasuka vipande viwili. Vikaangukia huku na huku.

Kacha.

"Kaka!"

Kacha. Kacha. Kacha. Kacha. Kacha.

Alikiuma. Hivyo ndivyo alivyokitoa. Alikiuma kidole mpaka jino likagonga mfupa, na kamera ikaanguka. Picha kumi na moja. Alizihesabu zote, maana sikio la mpiga picha huhesabu lenyewe. Mkono wa Makarius ulining'inia kama kamba. Alipiga magoti, akawa anaokota na kuunganisha, anaokota na kuunganisha, kama mtu aliyevunja chungu cha watu. Palikuwa na sufu na palikuwa na shati, na hakuna aliyeweza kusema kipi ni cha nani.

Walizika kesho yake. Makarius alipelekwa mahabusu, mkono umefungwa mbao. Hakujitetea.

Baada ya wiki, polisi walimwita Saady na Bibi Ndayikunda kutazama picha kwenye kompyuta. Saady alikaa akiangalia sakafu. Askari akabonyeza ya kwanza. Akabonyeza ya pili. Akazipitia zote, halafu akarudi mwanzo.

Panga lilionekana. Kondoo alionekana, na miguu chini yake. Na nyuma, kwenye mlango wa nyumba, alisimama Ildefonsi. Picha zote kumi na moja. Sikio moja, shati lile lile, safi, hana hata tone. Alikuwa anatazama panga likishuka, kama wenzake.

Bibi Ndayikunda alisogeza uso karibu na kioo.

"Huyu ndiye mwanangu," akasema. Kisha akamgeukia Saady, kwa sauti ya chini kabisa. "Sasa yule tuliyemzika ni nani?"

Saady hapigi picha tena. Anauza maharage sokoni. Mimi nilikwenda Kitanga mwenyewe, mwezi uliopita, kuhakikisha, maana sitaki kuitwa mwongo. Bibi alinionyesha pale mlangoni. Amepasakafia udongo mpya mara tatu. Kila ukikauka, zinatokea nyayo mbili za mtu mzima, peku, sambamba.

Mara ya kwanza zilikuwa kizingitini, zikitazama nje. Siku nilipokwenda mimi zilikuwa ndani ya nyumba, hatua nne, na vidole vilielekea chumba anamolala Bibi.