Shuka la Gari

Kila asubuhi Jedida aliwasha jiko, akateleka chai, kisha akafungua dirisha kulitazama gari. Hakukuwa na haja ya kulitazama. Gari halikimbii lenyewe. Lakini lilikuwa gari lao la kwanza, Datsun ya buluu, nalo lilisimama nje ya nyumba yao pale mtaani Shela, Malindi. Kwao Machakos hakuna mtu wa ukoo wake aliyewahi kuwa na gari. Jedida akilitazama alijikuta anacheka peke yake.

Mumewe, Nahashon, alikuwa mtunza stoo katika kiwanda cha chumvi kule upande wa Ngomeni. Kazini alikwenda na lori la kiwanda. Datsun ilikuwa ya kanisani na ya safari. Alilipenda gari lile, wakati mwingine kupita kiasi. Akila, jicho moja lilikuwa kwenye sahani na jingine mlangoni.

"Kula, Baba Mumbua," Jedida alimwambia. "Gari halina miguu."

"Lina magurudumu," Nahashon akajibu, akaendelea kuchungulia.

Mwezi ule mtaa mzima ulikuwa na furaha. Tumu, binti wa jirani yao Bi Mishi, alikuwa anaolewa Mambrui. Bi Mishi ndiye aliyempokea Jedida alipofika pwani akiwa mgeni, hajui hata kukuna nazi. Ndiye aliyekesha naye siku alipomzaa Mumbua. Kwa hiyo Bi Mishi alipouliza kwa upole kama Datsun ingeweza kumpeleka bibi harusi, Jedida hakungoja amalize.

"Tumu atakwenda Mambrui na gari letu, Bi Mishi. Nakupa neno langu."

"Mwanangu, wanitoa machozi," Bi Mishi akasema, akamkumbatia.

Nahashon alifurahi pia. Jioni ile alikaa ndani ya gari akajifunza kupiga honi ya harusi, mpaka kuku wakahama uani.

Siku chache baadaye alitoka nje akakuta mlango wa gari umebonyea. Palikuwa na shimo kubwa kama bakuli, na mstari mrefu mweupe uliokata rangi. Nahashon alisimama akiwa ameshika kichwa. Kisha alipaza sauti mtaa mzima ukasikia.

"Nani amefanya hivi? Gari limesimama tu, halijamkosea mtu. Nikimjua nitamvunja mikono."

Milango ilifungwa mmoja mmoja.

"Unaona?" akamwambia mkewe. "Watu wa kugonga magari hawana majina. Anagonga, anakwenda zake, na wewe huna wa kumuuliza."

Jedida naye aliumia. Aliugusa mlango kwa vidole, akauona moyo wake umebonyea vilevile. Hakulala vizuri siku hiyo.

Kesho yake Nahashon alirudi kutoka kazini na bunda la magunia matupu. Uso wake ulikuwa unang'aa.

"Mama Mumbua, lete shazia. Tunalishonea gari shuka."

Jedida alichukua shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia, na kamba ya katani. Wakakaa mkekani wote wawili, wakashona huku wakicheka. Shuka lilipokamilika lilifunika gari lote, kuanzia boneti hadi buti. Wakaliwekea mawe kwenye pembe ili upepo usilichukue.

"Sasa akija wa kugonga, atagonga gunia," Nahashon akasema. Usiku huo alikoroma kwa raha.

Gari lilikaa ndani ya shuka lake zaidi ya wiki mbili, na kanisani walikwenda kwa miguu. Jumapili mojawapo walilifunua ili waende kanisani. Jedida hakuamini macho yake. Milango ilikuwa imekwaruzwa. Boneti ilikuwa imekwaruzwa. Buluu ile nzuri ilikuwa imefifia, na hapa na pale rangi ilitoa malengelenge madogo madogo.

Nahashon alipanda mori. Kanisani hakwenda. Aliwafukuza watoto waliokuwa wakicheza kibe karibu na ukuta. Akamfokea Kiponda, mchuuzi wa maji, aliyekuwa anapita na mkokoteni wake umejaa madebe. Kiponda aliinamisha kichwa akapita haraka. Kisha Nahashon alilifunika tena gari, akakata matawi ya miiba, akalizungushia.

Miiba ile haikumnasa mwizi wala mharibifu. Ilimnasa wifi wa Bi Mishi, aliyekuja na wenzake kusuka ukili wa mikeka na kupanga mambo ya harusi. Njia ilikuwa nyembamba. Buibui lake lilipasuka kuanzia upindo hadi gotini. Bi Mishi alimtazama Jedida mara moja tu, akaingia ndani.

"Umeona ulichofanya?" Jedida akamuuliza mumewe.

"Nimeona walichonifanyia mimi," Nahashon akasema. "Na gari hili haliendi Mambrui. Mtaani tu linachunwa hivi. Kwenye umati wa harusi si watalimaliza?"

"Nilitoa neno langu."

"Ulitoa neno lako. Gari ni langu."

Harusi ilikuwa Jumapili inayofuata. Bibi harusi tayari alikuwa ameambiwa atapanda gari la buluu. Angemwambia nini Bi Mishi? Angepitaje mbele ya mlango wake maisha yake yote? Siku mbili alizunguka nyuma ya nyumba akienda sokoni, ili wasikutane.

Siku ya tatu aliona aibu imemchosha. Nahashon alikuwa kazini. Jedida alichukua kigoda, akaondoa miiba upande mmoja, akapanda juu ili alifunue gari na kulitazama vizuri. Alitaka kujua hasa ni nani anayelikwaruza.

Alivuta shuka kutoka juu ya paa, akapigwa na butwaa. Paa ndilo lililoharibika kuliko mahali pengine popote. Lilikuwa na mikwaruzo midogo midogo, yote ikielekea upande mmoja.

"Mtoto gani anafika huku juu?" akajiuliza.

Papo hapo kidole chake kilianza kumwasha. Asubuhi alikuwa amejikata kwenye mbuzi alipokuwa akikuna nazi. Sasa jeraha liliwaka moto. Jedida alikitia kidole mdomoni.

Chumvi.

Alipapasa shuka kwa ndani. Unga mweupe ulibaki mkononi, umechanganyika na mchanga. Akauonja. Chumvi tupu. Jedida aliruka kutoka kwenye kigoda, akapita mbio mbele ya mlango wa Bi Mishi, ule mlango aliouogopa siku zote hizo. Hata viatu hakuvaa.

"Hodi, Bi Mishi. Shikamoo. Nisamehe kwanza, nitaeleza baadaye. Kaka yako Badi yuko?"

"Marahaba. Yuko nyuma anajenga banda la kupikia. Kuna nini, mwanangu? Wahema."

"Nimempata anayekwaruza gari."

Badi alikuwa fundi wa bodi za magari mwenye gereji yake karibu na soko. Alikuja na nyundo mkononi, na nyuma yake nusu ya wanawake wa harusi. Alilizunguka gari mara moja. Alipoona mkono wa Jedida, alitabasamu. Wakati huohuo lori la kiwanda likamshusha Nahashon njia panda. Kuona umati umelizunguka gari lake, alikuja mbio.

"Nani ameligusa tena?"

"Karibu, yakhe," Badi akasema. "Hebu onja hapa."

"Nionje nini?"

"Shuka lako."

Nahashon alisita. Kisha alipaka kidole, akaonja. Uso wake ulibadilika.

"Hii ni chumvi ya kiwandani kwetu," akasema polepole.

"Ndiyo. Magunia haya yalikuwa na chumvi, nanyi hamkuyafua. Usiku umande washuka, chumvi yalowana, yaanza kuila rangi. Ndipo yaja haya malengelenge. Ukiyaacha, chini yake patakuwa kutu. Tena tazama mchanga huu. Gari lilikuwa na vumbi mlipolifunika. Upepo ukivuma, gunia lasugua huku na huku. Ni kama mwalipiga msasa kila siku."

Jedida aliziba mdomo. Alikumbuka jinsi walivyocheka wakishona. "Tumelikwaruza wenyewe," akasema.

"Basi lazima nilifunike na nini?" Nahashon akauliza. Sauti ilikuwa imeshuka.

"Si lazima ulifunike. Lioshe kwa maji ya mfereji, ya bombani, si ya kisima. Visima vyetu hapa vina chumvi. Mwaga maji mengi kwanza yatoe mchanga, ndipo upitishe kitambaa laini. Chini nako mwagia, kwenye madigadi ya magurudumu, maana ndiko kutu ianzako. Likikauka, lipake nta ya gari. Kisha lijengee banda la makuti, wazi pande zote, upepo upite. Kivuli chatosha."

"Na mlango? Mlango haukubonyezwa na chumvi."

"La. Huo uligongwa. Lakini hebu tazama ulipoliegesha." Badi alionyesha kona kwa nyundo. "Hapa mkokoteni hauna budi kupinda kwa upana. Ukijaa madebe hauwezi kusimama ghafla. Nawe umeziba nusu ya kona. Lisogeze kule penye uwazi, karibu na ukuta wako. Aliyegonga alikosa, simtetei. Lakini nawe umempa nafasi."

Nahashon alikunja mikono ya shati lake. Aliinama akaanza kuondoa miiba kwa mikono yake. Akamaliza, akaenda hadi barazani kwa Bi Mishi.

"Shikamoo, Bi Mishi. Nimekukosea wewe na wageni wako. Niliwafokea hata watoto bure. Naomba msamaha."

"Marahaba, Baba Mumbua. Mimi nilikuwa nakungoja tu," Bi Mishi akasema. "Sasa niambie, mwanangu apanda gari au apanda punda?"

Wanawake waliangua kicheko. Nahashon naye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile.

"Apanda gari," akasema.

Vigelegele vilipigwa. Jedida alimshika Bi Mishi mkono akalia kwa furaha, wala hakuona haya. Alilichukua lile buibui lililopasuka akalishona jioni ileile, kwa sindano ndogo.

Katikati ya shangwe, mtu mmoja alisimama pembeni akipangusa mikono kwenye shati. Alikuwa Kiponda, mchuuzi wa maji.

"Bwana Nahashon, mlango ni mimi," akasema.

Watu wote waligeuka.

"Mkokoteni ulinishinda pale konani. Nilisimama, bwana. Nilifika mpaka mlangoni kwako kupiga hodi. Ndipo nikakusikia wasema utamvunja mikono. Nami mikono hii ndiyo inilishayo. Nikaogopa."

Jedida alimtazama mumewe. Alijua hasira ile bado imo ndani, inatafuta pa kutokea.

"Ungeniambia," Nahashon akasema.

"Ungenisikiza?"

Nahashon alifikiri. "Siku ile, hapana," akakiri. "Leo nakusikiza. Kesho niletee maji ya mfereji tulioshe pamoja."

Kuanzia hapo mambo yalikwenda mbio. Badi alinyoosha mlango kwa nyundo yake, akaipiga milango na boneti msasa na rangi. Kiponda alileta madebe ya maji, akaosha gari hadi chini ya madigadi. Vijana waliojenga banda la kupikia walibakisha nguzo na makuti, wakamjengea Nahashon banda penye uwazi. Mikokoteni ilipita konani bila taabu. Paa halikuwahi kupakwa rangi, kwani siku hazikutosha. Shangazi zake Tumu wakasema wao ndio mafundi wa paa. Walilifunika kwa mashada ya asumini hata mikwaruzo isionekane.

Jumapili Datsun iliondoka Shela kwa honi na vigelegele. Tumu alikaa nyuma, hina mikononi, kikuba cha maua kifuani kinanukia gari zima. Jedida alikaa mbele. Walipovuka daraja la Sabaki aligeuka kumtazama bibi harusi, akaona naye anamtazama kwa furaha. Neno lake lilikuwa limetimia.

Mambrui walipokewa na umati mkubwa. Ngoma zilikuwa zinalia. Nahashon alitafuta mahali pa wazi, mbali na kona na mbali na njia ya watu, akaegesha. Wakaingia kula pilau.

Hawakumaliza sinia. Kijana mmoja wa upande wa bwana harusi alikuja akiwa ameshika baiskeli, jasho likimtoka.

"Samahani. Mwenye gari la buluu ni nani?"

Jedida alirudisha tonge kwenye sinia. Nahashon aliinuka polepole.

"Ni mimi."

"Baiskeli yangu imeliangukia gari lako. Limepata mkwaruzo karibu na taa. Mimi naitwa Dena, nyumba yangu ni ile pale yenye mlango wa kijani. Ningeweza kwenda zangu, lakini nimeona si vyema."

Jedida alitazama mikono ya mumewe. Ilikunjika, kisha ikakunjuka. Nahashon aliinyoosha, akamshika kijana yule mkono.

"Dena," akasema, kama anayejifunza jina lile. "Ahsante, Dena. Twende tukaangalie pamoja. Lakini kwanza kaa, ule."

Akamsogezea sinia.